Mahandaki ya vita Okinawa: hewa ni ya kuogopwa kuliko popo

*"Habari mzee. Nilizaliwa Endebess, chini ya Mlima Elgon, nikahamia Marekani na wazazi wangu, na sasa ni askari wa jeshi la huko. Nimepangiwa Okinawa, Japani. Kusini mwa kisiwa hiki kuna mahandaki mengi ya Wajapani yaliyoachwa tangu 1945, na wenzangu huenda kuyachungulia siku za mapumziko. Nimeshaingia nao. Safari ya mwisho tulijipenyeza kwenye tundu jembamba hadi chumba cha mwisho kabisa. Kichwa kilianza kunigonga, miguu ikawa mizito, nikawa nahema. Tulipotoka nje nikapata nafuu hapo hapo. Ndani kulikuwa na popo, maji ya kufika magotini, na vitu vilivyofanana na mifupa. Mwenzetu mmoja alichukua kijitungi cha udongo chenye shingo fupi, yuko nacho chumbani kwake kambini. Mama aliposikia habari za popo alilia kwenye simu, akataja Marburg. Wenzangu wanasema tununue kifaa cha kupima hewa, au twende na kiberiti tu, kikiwaka ni salama. Je, nina hatari ya Marburg? Na hicho kifaa kinatosha?"*

Kijana wangu, la Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaobebwa na popo, nitakujibu, na mama yako ana sababu ya kuliogopa. Ila katika barua yako kuna jambo umelipitia kwa sentensi moja tu, na ndilo linalonifanya nikuandikie leo badala ya kusubiri zamu yako. Ni hicho kijitungi.

Vita vilipokaribia mwisho, Japani iliishiwa chuma. Jeshi likawapa wafinyanzi kazi ya kutengeneza mabomu ya mkono kwa udongo uliochomwa. Ni duara, unaweza kulishika kwa kiganja kimoja, lina shingo fupi iliyofunikwa kwa kifuniko cha mpira. Mengine ni meupe, mengine ya kahawia yanayong'aa kama chombo cha mezani. Huitwa guruneti za Aina ya 4, na Okinawa ni miongoni mwa mahali zilikotumika. Mpira huoza, shingo huziba kwa matope, na anayeliokota miaka 80 baadaye anadhani ameokota chupa ya dawa au kikombe cha pombe ya mchele.

Siwezi kusema kutoka huku niliko kwamba alichobeba mwenzenu ni bomu. Raia wa Okinawa walijificha kwenye mapango na vyungu vyao, kwa hiyo vyombo halisi vya udongo vimo pia. Lakini shingo fupi uliyoieleza inanitosha kukuambia hivi: msikiguse tena. Msikitikise kusikiliza kama kuna kitu ndani. Msikioshe, msikitupe baharini, msikitie kwenye pipa la taka. Tokeni chumbani, fungeni mlango, watoeni na walio vyumba vya jirani, kisha mkiwa mbali pigieni polisi wa jeshi na mseme wazi kwamba mnadhani ni kilipuzi cha vita. Wao ndio watakaowaleta wategua mabomu. Mkikuta kitu kama hicho nje ya kambi, polisi wa Japani hupatikana kwa 110.

Najua mwenzenu anaogopa kuadhibiwa, na huenda kweli akaadhibiwa. Hata hivyo kuna watu wanaolala upande wa pili wa ukuta wake, na hawakuulizwa kama wanataka kulala na kitu hicho.

Kuna imani moja nimeisikia sana katika miaka yangu ya uhandisi wa medani, kwamba bomu likizeeka linakufa. Mara nyingi ni kinyume. Makombora mengi ya Kijapani yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikigusana na metali kwa muda mrefu hutengeneza chumvi zinazolipuka kwa msuguano mdogo au mshtuko mdogo kuliko kilipuzi cha awali. Vipo pia vya fosforasi nyeupe, ambavyo ganda lake likiliwa na kutu na kupasuka, kilichomo hushika moto chenyewe kikikutana na hewa. Katika vita vya Okinawa zilitumika takribani tani 200,000 za silaha za kulipuka, na inakadiriwa kwamba tani zipatazo 2,000 bado zimo ardhini. Machi 1974, jijini Naha, mafundi wakichimba mfereji wa maji machafu karibu na shule ya chekechea waligonga bomu la zamani. Watu wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka 3. Mwaka 2009 dereva wa mashine ya kuchimbia aliumia vibaya huko Itoman kwa namna hiyo hiyo. Na Juni 2025 askari wanne wa Japani, ambao hiyo ndiyo kazi yao, walijeruhiwa ghalani ndani ya kambi ya Kadena penye mabomu yaliyookotwa. Kama wenye ujuzi na vifaa wanaumia, kijana mwenye tochi ya simu asijidanganye.

Sasa tuje kwenye kichwa kilichokugonga. Barua yako nzima inahangaika na popo, lakini siku ile kilichokuwa karibu kukuua ni hewa.

Hewa tunayoivuta nje ina oksijeni asilimia 20.9. Ikishuka chini ya 19.5, kanuni za kazi zinaihesabu kuwa pungufu. Ikifika 16 hivi, akili inaanza kuchelewa na mtu hufanya maamuzi ya kijinga bila kujijua. Kwenye 10 anazimia. Kwenye 6 anakufa ndani ya dakika chache. Oksijeni ya ndani ya handaki huenda wapi? Hailiwi na watu peke yao. Mbao za kuegemeza dari zinaoza, na kuoza kunakula oksijeni. Vyuma vinashika kutu, na kutu ni oksijeni iliyonaswa ndani ya chuma. Mizizi na udongo wa juu vinatoa kaboni dayoksaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa na hutiririka kwenda chini kabisa. Handaki lilipochimbwa lilikuwa na milango kadhaa, upepo ukipita. Leo milango imeporomoka ikabaki tundu moja, lile mlilojipenyeza. Chumba cha mwisho hakina pa kupumulia, na kama kiko chini ya usawa wa mlango, hewa mbaya inajikusanya humo na kukaa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wanadhani hewa ikiisha watahisi wanabanwa, kisha watageuka watoke. Hamu ya kuhema inaletwa hasa na kaboni dayoksaidi ikijazana damuni. Upungufu wa oksijeni wenyewe mwili hauutangazi kwa nguvu. Wewe ulihema, kichwa kikauma, miguu ikawa mizito, maana yake pengine kaboni dayoksaidi ilikuwa imepanda. Hiyo ni bahati, kwa sababu ilikushtua. Kuna vyumba ambamo oksijeni imeliwa na kutu tu, bila kaboni dayoksaidi kuongezeka. Humo mtu haumwi, hahemi, pengine anajisikia vizuri hata, kisha magoti yanakunja. Pumzi chache za hewa iliyopungukiwa sana zinatosha, kwani mapafu hayo hayo yanayoingiza oksijeni damuni huanza kuitoa.

Kisha anafuata wa pili. Hili huna haja ya kulisoma kwenye vitabu, kwani umelisikia tangu utoto: mtu ameteremka kwenye choo cha shimo kutoa simu iliyoanguka, kimya, ndugu yake akateremka kumvuta, kimya, jirani akafuata. Mwaka 1986 taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilitoa onyo kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa katika maeneo finyu ya aina hiyo walikuwa waokoaji. Wachimbaji wadogo kwetu wanaujua msiba huu kwenye maduara yao, yale mashimo ya migodi. Askari mnafundishwa kutomwacha mwenzenu, na mafunzo hayo mema ndiyo yatakayowaua watatu mahali pa mmoja. Ukiona mwenzako ameanguka ndani, usiingie. Toka, piga 119 au namba ya dharura ya kambi, waambie ni mtu aliyezimia chini ya ardhi ili waje na mitungi ya hewa.

Kiberiti sasa. Mwali huzimika oksijeni ikikaribia 16, yaani pale pale akili yako inapoanza kuvurugika. Kaboni monoksaidi inaweza kuwa ya kuua na kiberiti kikawaka vizuri tu. Na unawasha moto mahali penye baruti ya zamani na labda gesi inayoshika moto. Kiberiti kiache kabisa.

Kifaa cha kupima hewa ni bora mara elfu, na kama ningekuwa nakuandikia kwa ajili ya kazi halali ningekulazimisha uwe nacho. Lakini sikiliza vizuri. Kifaa cha kawaida cha gesi nne kinapima oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na salfidi ya hidrojeni. Kaboni dayoksaidi hakipimi, na katika mapango ya chokaa kama ya Okinawa hiyo ndiyo mara nyingi tatizo lenyewe. Inaweza kufika asilimia 3 au 4, kichwa kikakupasuka, huku oksijeni ikionyesha namba ambayo bado haijapiga kelele. Kifaa kinahitaji pia kurekebishwa na gesi ya majaribio mara kwa mara, jambo ambalo mnunuzi wa mtandaoni halifanyi. Tena hewa ya mapango haitulii. Kimbunga kikikaribia na mgandamizo wa hewa ukishuka, ardhi hutoa pumzi, hewa mbovu ya nyufani ikasukumwa vyumbani. Mlichokipima Jumamosi asubuhi si lazima ndicho mtakachokikuta jioni. Na Okinawa, vimbunga ni jambo la kila mwaka.

Kwa hiyo jibu langu kwa "kifaa kinatosha?" ni hapana. Kifaa ni sehemu moja ya mpango wenye feni ya kuingiza hewa, mtu wa kusimama nje asiyeingia kwa sababu yoyote, kamba, mawasiliano na waokoaji waliokwisha kuarifiwa. Wachache sana huupanga huo wote kwa ajili ya matembezi ya wikendi. Na wakiupanga bado dari ni ya mwaka 1944, mbao zake zimekuwa unga, na mvua ya jana imeulainisha udongo juu yake. Bado kuna habu pia, nyoka mwenye sumu wa visiwa hivyo, anayependa kujibanza penye ubaridi na giza. Akikugonga, usikate, usifunge kamba. Tulia na upelekwe hospitali, dawa yake ipo.

Nimeona umeandika "vitu vilivyofanana na mifupa" ukaenda moja kwa moja kwenye kijitungi. Nataka tusimame hapo.

Katika vita vya Okinawa, Wamarekani walitua kwenye kisiwa kikuu tarehe 1 Aprili 1945, na mapigano yakaisha mwishoni mwa Juni. Walikufa zaidi ya watu 200,000, na sehemu kubwa mno walikuwa raia wa kisiwa. Walikuwa mapangoni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Huko Yomitan, siku moja baada ya Wamarekani kutua, watu wapatao 140 walikuwa wamejificha katika pango la Chibichiri. Walikuwa wameambiwa na jeshi lao kwamba kutekwa ni kubaya kuliko kufa, na zaidi ya 80 wakafa humo, wengi wakiuana wao kwa wao ndani ya familia. Chini ya kilomita moja kutoka hapo, katika pango la Shimuku, watu kama 1,000 walitoka hai, kwa sababu wanaume wawili waliowahi kuishi Hawaii waliwaambia wenzao kwamba Wamarekani hawatawaua, wakatoka kuzungumza nao. Mapango mawili, jirani, siku zile zile.

Mifupa ya watu wa kusini bado inatolewa ardhini hadi leo. Wapo wazee wa Okinawa wanaojitolea kuitafuta kwa mikono, kijiko kwa kijiko, na mwaka 2016 Japani ilipitisha sheria ya kuharakisha kuirudisha, kwa vipimo vya vinasaba inapowezekana. Mfupa ukisogezwa, au kitufe cha sare kilichokuwa kando yake kikiingia mfukoni mwa mtalii, inapotea ile alama ndogo ambayo ingemwambia mtu wa miaka 85 kwamba huyu ni baba yako. Ndiyo maana nakuambia mtoe taarifa ya mlichokiona, muonyeshe mahali, ili polisi na wahusika wakifuate kwa utaratibu. Hayo ni makaburi, kijana wangu, na kwetu mtu haingii kaburini kutafuta kumbukumbu. Kumbuka vilevile kwamba ile milango ya mawe yenye paa la mgongo wa kobe mnayoiona kwenye vilima si mahandaki. Ni makaburi ya koo, mengine yalitumiwa na askari wakati wa vita, na wenyewe wapo, wanayatembelea kila mwaka.

Wala sikukatazi historia. Askari kijana anayetaka kuona vita vilivyopiganwa hapo alipo ana hamu njema, na kisiwa hicho kimemwandalia. Huko Tomigusuku kuna makao makuu ya chini ya ardhi ya jeshi la majini la Japani, handaki la mita 450 lililochimbwa 1944 kwa sururu na majembe. Sehemu yake imefunguliwa kwa umma tangu 1970. Utaona kutani alama za vipande vya guruneti ambazo maafisa walijilipulia nazo mwezi Juni 1945. Haebaru kuna handaki namba 20 la hospitali ya jeshi, ambamo wasichana wa shule walihudumia majeruhi; unaingia na kofia ngumu na mwongozaji. Nanjo kuna pango la Abuchiragama, mita 270, lililokuwa wodi. Wenzako wakisema huko ni kwa watalii, waambie kwamba wanaoongoza watu humo wanajua kila jiwe limeshuhudia nini, na kwenye tundu lenu la msituni hakuna wa kuwaeleza chochote.

Haya, popo na mama. Mama yako hakubuni. Pango la Kitum, kwenye mlima wenu, lilihusishwa na Marburg mwaka 1980, alipougua mhandisi Mfaransa wa kiwanda cha sukari cha Nzoia, na tena 1987, alipokufa kijana wa Kidenmaki wa miaka 15 aliyelitembelea. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, waliupata ugonjwa huo huo. Lakini virusi hivyo hubebwa na aina maalumu ya popo wala matunda anayeishi Afrika na sehemu za Mashariki ya Kati na Asia ya karibu. Japani hayupo. Mwambie mama kwa moyo mweupe kwamba kwa Marburg huna la kuhofia Okinawa. Mwambie pia kwamba ukija likizo nyumbani, tabia hii ya kuingia kila tundu usije nayo Elgon.

Kinachonishughulisha zaidi ni yale maji ya magotini. Okinawa ina leptospirosi, ugonjwa wa bakteria wanaotoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingia kwa mtu kupitia michubuko ya ngozi au macho. Askari wa Marekani waliofanya mazoezi ya msituni kaskazini mwa kisiwa wameshaugua kwa makundi. Huanza mara nyingi siku 5 hadi 14 baada ya kugusa maji, ingawa unaweza kuchelewa hadi mwezi. Homa ya ghafla, kichwa, macho mekundu, na maumivu makali ya misuli, hasa ya vigimbi vya miguu. Wengi hupona, lakini ukiachwa unaweza kufika kwenye ini na figo. Antibiotiki zikianza mapema zinasaidia. Kinyesi cha popo nacho, mahali pengi duniani, huwa na kuvu wanaoshambulia mapafu, na kikohozi chake watu hukichanganya na kifua kikuu.

Usinunue dawa ukameza kwa kubahatisha. Nenda kliniki ya kambi wiki hii hata kama hujisikii vibaya, eleza tarehe uliyoingia, maji uliyokanyaga, vidonda ulivyokuwa navyo miguuni, na kichwa kilivyokuuma. Kama popo yeyote alikuuma au kukukwaruza, litaje bila kuulizwa, ili daktari aamue kuhusu chanjo. Homa ikikushika ndani ya mwezi mmoja tangu siku ile, nenda siku hiyo hiyo, usiku usikuzuie. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukipungua, au ukianza kukohoa damu, usiende kliniki. Nenda idara ya dharura ya hospitali. Wenzako mliokuwa nao waambie maneno haya haya, kwa sababu walikanyaga maji yale yale.